Mwalimu wa Kuteleza wa Kashikishi

Miguu yake ilikuwa mibaya. Naanzia pale kwa sababu kila mutu wa soko ya Kashikishi alianzia pale. Uso wake ulikuwa muzuri, nywele zimelala kama majani yaliyonyeshewa, lakini ukishusha macho unaona vidole vimepandana, visigino viko na mafundo, na kifundo cha muguu wa kuume kimenenepa kama muhogo. Mama mumoja mwenye kuuza chumvi alimuuliza siku ya kwanza:

— Mama, toka kwenu ulikuja na miguu?

— Hapana, akajibu. Niliteleza.

Tulicheka. Tulizani Kiswahili kimemushinda. Kumbe lile njo neno alilijua kupita yote.

Sisi wote tulimuita Mwalimu. Jina alikuwa nalo, la Kikorea, fupi, lakini ku kinywa chetu lilivunjika, na yeye mwenyewe akasema: leka, muniite Mwalimu. Alikuja na wamisionari wa kanisa ya kwao, watu sita. Watano malaria iliwachapa, wakarudi. Yeye akabaki, akafundisha mazoezi ku shule ya kanisa, na mwisho wa mazoezi akaja kwetu, ku bandari, mahali pa harufu.

Mimi niko mutu wa uchungu, sifichi. Nilisoma mpaka kilasi ya tatu, kisha Komanda Mbavu na vijana wake wakachoma shule yetu kule ng'ambo ya ziwa, upande wa Pweto. Ninamutaja. Watu wengine wakisimulia wanasema "wakati wa vita nyumba zilichomwa". Wakati haukuchoma nyumba. Mbavu alichoma. Na Sadiki, rafiki ya kaka yangu, njo aliuza kaka yangu. Na Mosesi, bwana yangu, njo aliniacha na mimba mu kambi ya wakimbizi, akasema anaenda Lusaka kununua redio. Mpaka leo anaitafuta ile redio. Vile njo niko: mutu akinifanyia mubaya, jina lake nalitunza. Lakini Mwalimu hakunifanyia mubaya. Yeye namuandika kwa sababu nyingine.

Kando ya bandari kuna saruji moja kubwa, laini sana. Watu wa mradi waliijenga tuanikie chisense, samaki wadogo wa ziwa yetu. Hawakutuuliza. Chisense inataka upepo upite chini yake, juu ya wavu. Ukiianika ku saruji inapikwa upande mumoja, upande mwingine inaoza. Basi saruji ikakaa bure, mbuzi wakalala pale. Mwalimu alipoiona alivua kiatu, akaipitisha kidole cha muguu, polepole, kama mutu anagusa kitambaa mu duka.

— Hii iko ya nani?

— Ya mbuzi, nikamujibu.

Kesho yake akaja na ufagio. Akafagia siku mbili, magamba ya samaki na mavi ya mbuzi, peke yake, na watu wanasimama wanamuangalia. Siku ya tatu mimi nikachota maji, nikamwagia. Si kwa huruma. Nilichoka kuona mutu anafagia bila maji.

Mu kartoni ya nguo za musaada alipata viatu vya magurudumu, jozi tano. Watoto walikuwa zaidi ya makumi mawili. Wote aliwapanga mustari, na wiki mbili za kwanza hakuna mutoto alivaa kiatu. Aliwafundisha kuanguka. Anguka mbele, anguka nyuma, anguka na kiuno, simama. Anguka. Wamama tukaenda kulalamika.

— Mwalimu, kuanguka batoto banajua toka nyumbani.

— Banajua kuumia, akasema. Kuanguka habajui.

Kiswahili alikijifunza kwetu sisi wauza samaki, donc alikuwa na Kiswahili cha soko tu. Mutoto akichoka kuruka anamuuliza: "Bei ya mwisho ngapi?" Mutoto anasema tatu. Mwalimu anasema nane. Wanapatana sita. Na mutoto akimaliza zile sita, Mwalimu anafungua mukono kama mununuzi: "Na matabishi?" Kwetu ukinunua samaki muuzaji anakuongezea kidogo bure, njo matabishi. Basi mutoto anaruka mara moja tena, ya bure, na ile ya bure njo ilikuwa nzuri siku zote. Hata ku kanisa aliomba vile. Nilimusikia na masikio yangu, siku mutoto mumoja wa saruji alikuwa mugonjwa: "Baba, homa ya Chanda iko kali, punguza kidogo." Pastori alishindwa kufunga macho.

Kusifu hakusifu. Mutoto akifanya vizuri anasema "bon", anageuka. Mutoto akichelewa anakaa chini mpaka mwisho, hata akilia. Lakini siku moja mbuzi ilizaa mu kati ya saruji, na Mwalimu mwenye kutukaripia sababu ya dakika tano akafunga mafundisho siku tatu, juu mama mbuzi asisumbuliwe. Bukari, ugali yetu, alikula na mukono vizuri kama sisi, lakini juu yake anaweka majani yake mwenyewe ya shu, ile kabichi, na pilipili, yamekaa mu chungu chini ya udongo nyuma ya nyumba. Harufu ilifika mpaka ku barabara. Majirani walisema amezika dawa. Nikamuambia. Kesho yake akafukua chungu mbele ya wote, akawapa kila mutu kijiko. Wawili walitapika. Wengine walirudi na sahani.

Na aliogopa ziwa. Mutu mwenye alikomaa juu ya maji yenye imeganda, hakuingia mu mutumbwi hata siku moja. Watoto wa Kilwa, ile ya mu ziwa yetu, walituma salamu, wanamutaka aende kule ku kisiwa awafundishe. Alisimama ku ukingo, akaangalia ile mawimbi, akatingisha kichwa.

— Maji yenu iko hai sana, akasema.

Alikuwa anakaa na mimi saa ninachagua chisense, muchanga upande huu, samaki upande huu. Njo pale aliniambia yake. Aliisema kidogo kidogo, siku nyingi. Mimi naiweka pamoja.

Kwao watu wanateleza juu ya barafu na viatu vya kisu cha chuma, na ile barafu iko ndani ya nyumba kubwa, lakini zile nyumba ni chache na watu ni wengi. Muchana ni ya watu wa kujifurahisha. Watoto wenye kujifunza wanaingia kabla ya jua. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mwanamuke. Alimushika mukono akiwa na miaka sita. Kila asubuhi alikuja na chupa ya chai, anamumiminia kifuniko kimoja cha moto kabla avae viatu. Miaka tisa.

— Kisha wakubwa wa muchezo wakaambia mama yangu: kama hana kocha wa inje, waamuzi hawatamuona. Mama akaenda kuchagua. Kuchagua namna gani? Hakujua barafu, mama yangu alikuwa mushonaji. Alichagua kocha mwenye foto nyingi ku ukuta. Kule Kanada.

— Na yule wa chai? nikauliza. Mulimuaga?

Alichukua samaki mumoja, akamuweka upande wa muchanga. Nilimurudisha mimi.

— Mama alisema usiseme mpaka ndege iruke. Kwetu kuacha mwalimu ni haya kubwa. Watu wanaondoka kimya.

— Yeye akafanya nini?

— Akakuja asubuhi tatu. Na chai. Siku ya ine mutu akamuonyesha gazeti.

Kule Kanada kocha alikuwa na watoto makumi mane. Aliangalia namna anaruka, akasema hii yote ni mubaya, tubomoe, tuanze upya. "Miguu yangu ilisikia Kikorea," Mwalimu akasema, "yeye anaisemesha Kingereza." Mama yake anaitika ndiyo, ndiyo, hakuelewa neno. Kifundo kikapasuka. Akanyamaza, sababu mama aliacha bwana na nyumba na cherehani yake sababu ya kile kifundo. Wakahama muji, wakapata kocha wa pili, kisha wa tatu, kila mumoja anabomoa yenye mwenzake alijenga. Akiwa na miaka kumi na tisa akavua viatu.

— Na kama ungerudi nyuma, ungechagua nani?

— Labda ningeenda tu Kanada. Barafu yetu haikutosha. Lakini yule wa Kanada angemuuliza yule wa chai. Huyu mutoto analala namna gani. Akiumia anadanganya namna gani. Hakuna mutu alimuuliza.

Mimi pia nikamuambia yangu. Kule kwetu, wakati wa Mbavu, mutu hatangazi siku ya kuvuka ziwa. Unapika kama kawaida, unaacha nguo ku kamba, unaingia mu mutumbwi. Kaka yangu alikuwa na moyo laini, alienda kumuaga Sadiki, walikua pamoja. Tulipofika ku ukingo vijana wa Mbavu walikuwa pale wanatungojea. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilivuka. Yeye hakuvuka. Toka siku ile sijaaga mutu. Nikienda hata Mununga kununua samaki, siagi.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Aliniosha mikono na maji ya ndoo, muchanga ukatoka, basi.

Sasa Rehema. Rehema ni mutoto wangu, ile mimba ya kambi. Alianza ku saruji akiwa na miaka kumi. Mimi barafu siijui, lakini macho niko nayo: watoto wengine walikuwa wanaruka, Rehema alikuwa anakaa kule juu kidogo mbele ya kushuka. Mwalimu alimubana kupita wote. Wengine aliwauzia kwa sita, Rehema kwa makumi mawili. Nilimuuliza mbona unamutesa mutoto wangu. Akasema:

— Huyu nikimupunguzia, ninamuibia.

Wageni wawili walipita, wakapiga video. Ile video ikatembea, sijui namna gani, ikafika Johanesburg, kwa kocha mumoja mwenye nyumba ya barafu. Alinipigia mimi, ku simu yangu. Mutu mwenye aliongea Bemba alinifasiria: mutoto ana miaka kumi na tatu, bado kuna nafasi, lakini aje sasa. Watamulaza mu nyumba ya wanafunzi, atasoma.

Karatasi za safari zilichukua miezi mine. Miezi mine nilizificha chini ya godoro. Kila muchana nakaa na Mwalimu, tunachagua chisense, ananiambia Rehema amekunja goti vizuri leo, na mimi najua. Nilijizuia na maneno mengi. Nilisema: atakataa. Nilisema: atatoa mutoto kwa kocha mwingine, rafiki yake. Nilisema: mwenye kujua siku yako njo anaiuza. Hakuna hata moja nilikuwa na ushahidi. Rehema alilia, anataka kumuambia. Nikamukataza. Nikamutuma aseme kule, wakimuuliza, kwamba alijifunza peke yake ku simu, wasianze kuuliza uliza mu Kashikishi.

Tuliacha nguo ku kamba. Tukapanda basi.

Nimetaja Mbavu, nimetaja Sadiki, nimetaja Mosesi. Basi niandike na hii: mwenye alifanya ile kwa Mwalimu ni mimi, Eliza, mama wa Rehema. Na nilikuwa najua habari ya chai.

Nilikaa Johanesburg siku tano. Kocha ni muzee mufupi wa kofia ya sufu, haongei sana. Nilirudi. Mama wa chumvi, mbele sijatua hata muzigo, akaniambia:

— Mama Rehema, siku muliondoka Mwalimu aliweka jozi tano ku mustari. Watoto wane wakavaa. Ya Rehema hakuna mutoto aliruhusiwa kuigusa. Kesho yake vile vile.

— Na siku ya tatu?

— Mbona unataka kujua?

Wiki tatu nilipita njia ya nyuma ya soko, saruji isinione.

Siku ya tano ya wiki ya tatu simu ikalia. Ilikuwa Rehema, na kocha kando yake, Rehema mwenyewe anafasiri na Kingereza ya shule.

— Mama, anauliza tena nani alinifundisha. Nilisema vile ulinituma. Anasema ninadanganya. Anasema hakuna mutoto anajifunza kuanguka namna hii peke yake.

— Muambie...

— Mama, ngoja. Anasema kama tunaficha mwalimu, tunaficha na kitu kingine. Ananiangalia muguu.

— Muguu una nini?

Akaniuliza mbuzi wa saruji wako namna gani.

— Rehema. Unauma?

— Kidogo.

— Toka lini?

— Toka ulipoondoka. Sikutaka useme nimeharibu safari.

Nilikaa chini mu muchanga. Mutoto wangu alikuwa ananilindia karatasi zangu na kifundo chake.

— Anasema mwalimu wangu amupigie, akaendelea. Mpaka siku ya Mungu, jumapili. Akipiga, nitabaki, atajua namna ya kunishika. Asipopiga atanirudisha nyumbani. Anasema hataki kuvunja mutoto wa mwenzake.

Nilienda saa ile ile, na aproni ya samaki. Alikuwa amekaa ku pembe ya saruji, anafunga gurudumu na bisibisi, watoto wanazunguka. Nikapiga magoti kama wanamuke wa Babemba wanapiga wakiomba, nikapiga na makofi, polepole.

— Mwalimu, nimekosa.

Hakuinua macho.

— Uko mu njia ya batoto, akasema.

Nikasogea. Nikapiga magoti tena.

— Rehema iko Johanesburg.

— Najua. Batoto walijua mbele hamujafika Lusaka. Kocha wake iko na wanafunzi ngapi?

— Kumi na mbili.

— Bon. Asubuhi anakula nini?

— Sijui.

— Anaamuka saa ngapi?

— Sijui, Mwalimu.

— Muguu gani?

Sikumuambia habari ya muguu. Aliuliza tu. Nikalia pale, mbele ya watoto, mimi mwenye sikulia ku ukingo siku ile ya kaka yangu.

— Wa kushoto, nikasema.

Aliweka bisibisi chini. Sasa aliniangalia, na niliona amezeeka, mwaka mumoja nzima mu wiki tatu.

— Ulijua yangu, akasema. Nilikuambia wewe tu.

— Nilijua.

— Basi?

— Mwalimu, kwetu mwenye kuaga njo anakufa. Rehema niko naye mumoja. Sikutaka akufe.

Watoto walikuwa wanazunguka, magurudumu yanalia ku saruji. Alijikanda kile kifundo chake kikubwa. Kisha akasema, si kwangu sana, ni kama alikuwa anaongea na mutu nyuma yangu:

— Mama yangu pia alikimbia vita, akiwa mudogo. Alibebwa ku mugongo. Labda na yeye alikuwa na mutu kama kaka yako. Sikumuuliza. Nilimukasirikia miaka yote hii, sikumuuliza.

Nilitaka kumushika. Hakunipa nafasi.

— Leta simu.

Alizungumuza na yule muzee Kingereza, saa nzima karibu. Kingereza sikijui, lakini nilimuona. Alisimama. Alijionyesha ku kifundo, hapa na hapa. Alilalia mukono kama mutoto mwenye amelala. Aliuma mudomo wa chini namna Rehema anauma akiumia, namna mimi mama yake sikuwa nimeiona, kumbe njo vile anadanganya. Mara moja alikasirika. Mara mbili alicheka. Jina la Rehema lilikuwa linapita, linapita, mu yale maneno yote.

Kisha akanirudishia simu.

— Wiki tatu hataruka. Atakanda muguu, atakula, atafanya mikono tu. Kisha wataanza. Huyu muzee anasikiliza.

— Atabaki?

— Atabaki.

Simu ikalia tena mu mukono wangu. Ilikuwa na picha. Rehema alisimama juu ya ile barafu nyeupe, na kofia ya mutu mukubwa ku kichwa. Niliwashikia simu kati yao, mimi niko chini wao wako juu, wanaangaliana.

— Onyesha mikono, Mwalimu akasema mwisho.

Mutoto akafungua mikono.

— Ya kushoto iko chini.

Rehema akainua.

— Bado.

Na Mwalimu akainua wake mwenyewe, pale ku saruji, na ile miguu yake mibaya imesimama wima, kidole chake cha mwisho kimenyooka mpaka kinatetemeka. Mutoto akamufuata, kidogo, na kidogo tena, mpaka mikono miwili ikawa sawasawa. Watoto wote walikuwa wamesimama. Bega langu lilianza kuwaka moto na kushika ile simu. Sikuishusha.